Neno Ambalo Sikulisubiri

Nilikubali kutomsubiri Kilonzo. Ningerudishwa leo kwenye kile kibanda cha chai nyuma ya stesheni ya Voi, na Swaleh na Mnjama wakakaa tena mbele yangu na vikombe vyao, ningesema hapana, ningeliacha andazi langu kwenye sahani na kwenda zangu. Siku ile sikusema hapana. Nilisema, "Sawa, si ni mchezo tu," mdomo ukiwa umejaa. Nilichokubali ni kitu kidogo hata kinachekesha: kwamba Jumamosi inayofuata, katika mchezo wetu wa mezani, ningemfanya rafiki yangu arushe dado wakati treni inapita, kisha niliokote lile dado kabla hajamaliza kutamka neno moja. Kilonzo alikuwa na kigugumizi. Kila mtu aliyemjua alikuwa amezoea kumsubiri. Mimi, niliyemsubiri kuliko wote tangu tukiwa kidato cha pili, nilikubali kuacha.

Naandika haya kwa sababu ya karamu moja ya kijinga. Miezi michache iliyopita Swaleh alinipigia simu, sauti yake ikiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu barabarani. Mjukuu wake wa Nairobi alikuwa amemwambia kwamba siku hizi vijana hukusanyika katika mikahawa ya huko, wanalipa kiingilio, wanavaa majoho na kucheza michezo ya kujifanya mashujaa. Swaleh akakumbuka ghafla kwamba sisi tulicheza mchezo huo Voi, wakati hao vijana hawajazaliwa, na kwamba kwa hiyo sisi ni watu wa maana. Alikodi chumba katika hoteli moja kando ya barabara kuu. Mnjama alikuja kutoka Mombasa na fimbo asiyoihitaji. Juu ya meza palikuwa na sanduku jipya lenye vinyago vidogo vilivyopakwa rangi, na yule msichana wa kuleta chakula alipouliza kama ni drafti, Mnjama alimjibu kwa sauti ya kuhutubia, "Huu mchezo, binti yangu, katika mkoa huu tuliuanza sisi." Binti akasema, "Hongereni, mzee," akaenda kuchukua pilau. Sijawahi kuona watu wazima wakijipenda namna ile. Walipiga picha. Walikumbatiana kwa ajili ya picha. Enzi zetu, enzi zetu. Ukiwasikiliza ungedhani tulijenga reli yenyewe. Halafu wakamsimulia yule mjukuu, aliyeletwa kutushuhudia, kile kisa chao cha treni wanachokipenda, na Mnjama akainua kidevu, akafumba macho na kugugumiza kama Kilonzo, na kijana akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilitabasamu. Uso wangu ulifanya kile ulichozoea kufanya mbele ya watu hao wawili. Nilipouliza kwa nini Kilonzo hakualikwa, Swaleh alisema, "Yule hana simu ya kueleweka." Malori ya Swaleh husimama Maungu kila siku, hatua chache kutoka mahali Kilonzo anapouza matikiti.

Basi niueleze mchezo wenyewe, maana hao wawili hawawezi kuueleza bila kujisifu. Shuleni kwetu juu milimani tulikuwa na mwalimu wa hesabu wa kujitolea, kijana wa ng'ambo mwenye ndevu nyekundu, aliyekuwa mpweke kiasi cha kuwaalika wanafunzi wake nyumbani Jumapili. Alikuwa na sanduku lenye kitabu chembamba na madado ya ajabu yenye nyuso nyingi, moja likiwa na nyuso ishirini. Mchezo ulikwenda hivi: mtu mmoja anakaa kichwani pa meza na kusimulia, yaani anasema mko wapi na mbele yenu pana nini. Wengine, kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, anampa jina, anazungumza kwa kinywa chake, anasema atafanya nini. Jambo likiwa gumu, unarusha dado. Namba kubwa, umefaulu. Namba ndogo, umekwama, na mahali pa hatari kukwama ni kufa. Mkataba wake ulipokwisha, mwalimu alirudi kwao na sanduku akaniachia mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma kitabu chote. Hivyo ndivyo nilivyopata kuwa mwenye meza. Hakuna aliyenichagua.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, tumemaliza kidato cha nne na hatuna kazi ya maana. Mimi nilipima mahindi dukani kwa baba yake Swaleh. Mnjama alikaa na kaka yake, gadi wa treni, katika landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja chenye kitanda cha chuma, jiko la makaa nje ya mlango na meza nzito ya mbao ngumu. Kaka mtu alikuwa safarini karibu kila Jumamosi, na Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yetu. "Leo kuna Meza?" tulikuwa tukiulizana, na ukisikia neno hilo ulijua ni chumba kile. Mchana bati lilikuwa la moto kiasi kwamba tulikaa vifua wazi, kitambaa kibichi shingoni. Swaleh alileta mahamri na mbaazi za nazi kutoka kwao, zimefunikwa kwa sahani, na kila mara alitukumbusha kwamba ni za mama yake, tusije tukazila kama watu wa bara. Mnjama alipika kimanga, akiponda mihogo na maharagwe kwa mwiko mmoja na kuapa kwamba hakuna mwanamke wa Wundanyi anayemfikia. Kilonzo, aliyekuja kutoka Maungu kwa lori la mkaa au la mchanga, lolote litakalombeba, alileta matikiti maji, na akiisha kuyakata alikuwa wa kwanza kuuliza kwa macho kama tuanze. Nikikaa leo na kukumbuka harufu ya chumba kile, makaa na jasho na maganda ya tikiti, najihisi nikilainika, na hapo hapo najichukia. Harufu haina kosa. Waliokaa ndani yake ndio waliokuwa hovyo, na mimi nikiwa mwenye kiti.

Mazimwi ya kile kitabu tuliyaacha mapema. "Joka la kutema moto la nini?" alisema Mnjama. "Hili joto la Voi halitoshi?" Tukabuni nchi yetu, nyika hii hii tunayoijua, lakini ya zamani za misafara, watu wakivuka nyika kavu ya Taru na mizigo kichwani, wakitafuta maji, wakipatana au kupigana na wenyeji wa kila kilima. Swaleh alikuwa mganga mwenye vitabu, mwenye maringo kama Swaleh. Mnjama alikuwa mpiganaji aliyejiita Simba wa Sagalla, na kazi yake yote ilikuwa kuomba vita. Kilonzo alikuwa Muthiani, kiongozi wa msafara, na jina hilo kwa Kikamba ni la mtu anayewatangulia wenzake vitani.

Tulikuwa pia na sheria zetu ambazo hazikuwa kitabuni. Mbili nazikumbuka vizuri kuliko sala. Ya kwanza ilitokana na mahali tulipokaa: reli ilikuwa karibu hivi kwamba treni ya mizigo ikipita meza ilitetemeka na dado likajipindua lenyewe. Kwa hiyo dado likirushwa treni ikipita, mtu yeyote mezani aliweza kusema "Treni!" na ule mrusho ukafutwa, likarushwa tena. Lakini lazima ulitamke neno hilo kabla mwenye meza hajaliokota dado. Likishaokotwa, basi. Na ulitamke kwa kinywa chako mwenyewe, si cha mtu wako wa kubuni. Sheria ya pili ilikuwa kwamba mtu wa kubuni akifa amekufa. Jina lake halitajwi tena, mwenyewe anapikia wenzake Jumamosi inayofuata kama anayewapa waombolezaji chakula, kisha anabuni mtu mwingine. Tulikuwa tunajiona watu wazito kwa sheria hizo. Vijana wasio na kazi hupenda sana sheria.

Sasa jambo lenyewe. Kilonzo alipozungumza kama Muthiani, hakuwa na kigugumizi. Sijui kwa nini, na wala sikujali kujua. Tulilizoea kama mtu anavyozoea bomba linalotoa maji siku fulani tu. Akiomba chumvi ilimchukua muda hadi chakula kikapoa. Akiwa Muthiani maneno yalikuja kwa mpango, kwa utulivu, kama mtu aliyezaliwa barazani. Nakumbuka Jumamosi moja msafara ulifika kilima cha Kasigau bila tone la maji. Mimi nilikuwa nimepanga vita. Wiki nzima, nikipima mahindi, nilikuwa nikiipanga vita ile, mishale itoke wapi, nani ajeruhiwe. Nikazungumza kama mkuu wa kilima, nikakoroma, "Maji haya si ya wapita njia. Rudini mlikotoka."

Mnjama akasimama. "Natoa mkuki."

"Keti, Simba," alisema Muthiani. Kisha akanigeukia. "Mkuu, hatujaomba maji. Tumekuja kuuliza kwanza tumpe nani heshima. Nimewaona wanawake wakipanda na mitungi mitupu, na ni asubuhi. Kisima chako kimeanza kukauka, nawe hutaki wageni wajue. Mimi nina watu arobaini wenye mikono. Tuonyeshe mahali pa kuchimba, tuchimbe pamoja, na atakayeuliza baadaye aambiwe ulitupa maji kwa ukarimu wako."

Sikuwa nimesema lolote kuhusu kisima kukauka. Nilikuwa nimetaja tu wanawake na mitungi, kwa kupamba hadithi. Swaleh, ambaye hakumstaajabia mtu yeyote asiyemwona kwenye kioo, alisema polepole, "Wallahi huyu." Sikuipata vita yangu. Tulichimba kisima cha watu mchana wote, na naapa ulikuwa mchana bora kuliko wowote tuliocheza, na niliuchukia kila dakika.

Baada ya mchezo siku hiyo Kilonzo alinisindikiza hadi dukani na kuniambia siri ambayo haikuwa siri, kwa sababu alikuwa amekwisha kuwaambia wale wengine pia. Alikuwa ameitwa kwa intavyu Wundanyi, nafasi ya kwenda chuo cha ualimu. Alitaka kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hakuwahi kutaka kitu kingine. Ilimchukua kutoka stesheni hadi dukani kunieleza. Ataingia kwenye chumba cha intavyu kama Muthiani. Wakimuuliza jina atasema Kilonzo, lakini atakayesema ni Muthiani. Alikuwa amekwisha jaribu, peke yake, huko Maungu, mbele ya mbuzi. "In-in-inakubali," aliniambia, na akacheka. Akaniomba twende wote siku hiyo, nikae nje tu. Nikamwahidi.

Jumatatu kabla ya Jumamosi yenyewe ndipo wale wawili waliponiita kwenye kibanda cha chai.

"Wee, mwenye meza," alianza Mnjama, "siku hizi tunacheza mchezo wa nani?"

"Wetu sote."

"Wetu! Jumamosi nzima nimesimama na mkuki kama askari wa benki. Muthiani anaongea, Muthiani anapatana, Muthiani anapewa mbuzi. Bwana, mimi nilikuja kupigana. Baraza la chifu ninalo kijijini, tena la bure."

Swaleh alikuwa akikoroga chai ambayo ilikwisha korogwa. "Na mtu akichungulia dirishani, nakwambia kweli ndugu yangu, atadhani meza ni yake Kilonzo, wewe karani wake."

Hilo ndilo lililonipata. Ningependa kusema niliogopa kazi yangu, kwa vile nilikula kwa baba yake Swaleh. Ingekuwa aibu ndogo zaidi. Sikuiogopa kazi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, mchezo ndio mahali pekee duniani nilipokuwa mkubwa, na mtu asiyeweza kuomba chumvi alikuwa ananipiku hapo. Mnjama akaeleza mpango, akiuchora kwa kidole kwenye chai iliyomwagika. Nimweke Muthiani mahali pa hatari, arushe dado treni ya mizigo ya mchana ikipita. Akipata namba kubwa, yeye Mnjama ataita "Treni!" na ataifuta. Akipata ndogo, wote wanyamaze.

"Ataita mwenyewe," nilisema.

Kisha Swaleh, kwa upole kabisa, akasema, "Si lazima umsubiri."

"Na intavyu yake? Mnajua ni Jumatano ya wiki ijayo."

"Anayeenda intavyu ni Kilonzo," alisema Mnjama. "Atakayekufa ni Muthiani. Wewe unaona wanahusiana?" Wakacheka sana, na mama wa chai akatugeukia kuona kuna nini. Hapo ndipo niliposema sawa.

Jumamosi hiyo Mto Voi, ndani ya hadithi yangu, ulikuwa umefurika kama unavyofurika mvua ikinyesha milimani. Msafara ulitakiwa kuvuka kwa kamba. Nilirefusha maneno, nikaeleza matope, nikaeleza magogo, nikihesabu moyoni, hadi nikasikia honi kule upande wa Maungu. "Muthiani, wewe ndiye wa mwisho," nilisema. "Kamba inakatika. Rusha." Meza ilikuwa imekwisha anza kutetemeka. Kilonzo alirusha. Dado likabingirika kando ya sahani ya mbaazi, likasimama kwenye kumi na nane.

"Treni!" akaita Mnjama, na akacheka kama mtu anayetania.

Kilonzo naye akacheka. Ilikuwa haki, sheria ni sheria. Akarusha tena, mabehewa bado yakipita, mengi kama yalivyokuwa siku zile. Mbili. Akainua kichwa kunitazama, akafungua kinywa, kidevu kikapanda, macho yakafumba, kama siku zote neno likimkwama. Nilijua kabisa ni neno gani. Mtoto angejua. Mnjama alikuwa anatazama bati. Swaleh alikuwa anamenya chungwa kwa uangalifu wa fundi wa saa. Nilinyoosha mkono nikaliokota dado, nikasema, "Muthiani amechukuliwa na maji."

Behewa la mwisho likapita. Meza ikatulia. Na katika ule ukimya Kilonzo akalisema, zima, safi, bila mkwaruzo: "Treni."

"Imeshapita, ndugu yangu," alisema Mnjama, na hao wawili wakaangua kicheko, na nikacheka pamoja nao kwa kuwa sikutaka kukaa peke yangu na uso wangu. Kilonzo hakukasirika. Angekasirika ningemheshimu kwa njia iliyo rahisi. Alisaidia kuosha sahani, akachukua shati lake, akaenda barabarani kutafuta lori.

Jumatano alinikuta dukani asubuhi, amevaa suruali aliyoipiga pasi hadi ikang'aa, na tukapanda matatu ya kwenda Wundanyi. Mtu wa leo akisoma hapa ataona upuuzi. Angejifanya tu Muthiani, atasema, nani angemzuia? Mimi pia nimejiambia hivyo miaka mingi, ili nipumue. Lakini Kilonzo ndiye pekee kati yetu aliyeuamini mchezo. Sisi wengine tulizitunga sheria ili tujione wazito; yeye alizishika. Mahali pa kona, milima ikiwa imetuzunguka na migomba mvua ikiidondokea, alinishika mkono. Ilimchukua kona tatu nne kulisema. Alitaka nimrudishe Muthiani. Mpaka mchana tu. Baadaye nimuue tena nipendavyo, yeye atapika.

Lilikuwa neno moja tu, na lilikuwa langu. Hapakuwa na Swaleh wala Mnjama mle. Nikamjibu, kwa sauti ya mwenye meza, "Hata mimi siwezi. Aliyekufa amekufa."

Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba, chini ya dirisha lililofunguliwa. Nilisikia kiti kikivutwa. Nikasikia sauti ya mwanamume mzee, nzuri, ikisema, "Karibu, kijana. Tuambie jina lako." Kisha sikusikia kitu. Baada ya muda mwanamke mmoja akasema, "Usiwe na haraka, mwanangu. Tupo." Nikasikia mtu akimimina maji. Nikasikia ile pumzi ninayoijua, ikianza na kukatika, ikianza na kukatika. Wale watu hawakumjua Kilonzo hata kidogo, na walimsubiri. Walimsubiri muda mrefu sana, hakuna aliyecheka, hadi yule mzee aliposema kwa huzuni ya kweli kwamba asante kwa kuja, lakini darasa la watoto hamsini ni kazi ya kinywa. Kilonzo alitoka akafunga mlango polepole ili usigonge.

Tukarudi Voi. Pale anapopandia malori ya kwenda Maungu akasimama, akafumba macho, na nikamsubiri, kwa kuwa sasa hakukuwa na faida yoyote ya kutomsubiri. "Uli-uliniona," alisema. "Uliniona nikisema."

"Sheria ni sheria, Kilonzo," nilimwambia.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa swali. Akapanda juu ya magunia. Jumamosi tulimngoja aje kupika kama desturi, tukiwa tumenunua hata nyama, na alipokosa kuja tulikula mkate mkavu kwa kuwa Mnjama alisusa kushika mwiko usio zamu yake. Tulijaribu kucheza. Simba wa Sagalla akapata vita yake hatimaye, akaua kila mtu, na ilichosha kuliko kupima mahindi. Jumamosi mbili tatu zaidi na Meza ikafa. Swaleh akaingia biashara, Mnjama akapata ofisi Mombasa na tumbo la ofisi, nami nikawa karani wa shamba la katani hadi nilipostaafu. Wao wanasema mchezo ulikwisha kwa sababu tulikua. Sisi hatukukua. Nimewaona hotelini juzi.

Kilonzo hakuhama. Ameuza matikiti na mkaa Maungu karibu maisha yake yote. Nimepita pale mara zisizohesabika, na nikishuka huninyooshea mkono wa salamu, hunichagulia tikiti zuri, hataki kuzungumza nami. Anazungumza na wateja wengine. Nimesimama kando nikamsikia, bado anakwama, nao wanasubiri na mfuko mkononi, hakuna anayeona ni kazi. Mke wangu alipofariki alikuja mazishini, akabeba viti, akapita kwenye mstari wa kunipa mkono kama wengine wote, akaondoka kabla ya chakula. Swaleh alituma pole kwa dereva. Mnjama alipiga simu wiki iliyofuata, akazungumza juu ya goti lake.

Kukubali kwangu kulimgharimu Kilonzo ualimu. Mimi kulinigharimu Kilonzo. Alikuwa rafiki pekee niliyepata kuwa naye, nilimtoa ili nisifiwe na watu wawili ambao sikuwaheshimu wakati ule na siwaheshimu sasa, na tangu siku ile hadi uzee huu sijapata mwingine.